Kasha la Miezi Mitatu

Ukuta wa sebule nimeuacha na chokaa yake,
ile iliyovimba kwa masika ya mwaka juzi
ikabanduka kipande, mfano wa sikio la mbuzi.
Fundi Asaa alikuja na ndoo ya rangi.
"Usipoziba ufa," akaanza.
Nikamwambia, kaa, unywe chai kwanza.
Akakaa. Ndoo nayo ikakaa,
rangi ikaganda utando juu kama maziwa.

Penye ufa nimetundika kawa la bibi,
Bi Time binti Faki wa Utaani, hapa hapa Wete:
ukili mweusi na mwekundu, limetoboka kati.
Miaka arubaini lilifunika wali,
sasa linafunika msumari.
Alasiri jua la dirishani hupita tunduni
na doa la mwanga likatambaa sakafuni
taratibu, hadi kwenye kidole changu cha mguu.
Hapo ndipo hujua saa ya kuinjika chai.

Mezani lipo kombe la maua ya buluu
lililopasuka siku ya hitima ya babu,
likashonwa kwa vipini vya shaba
na fundi mmoja wa Chake. Jina lake
hakuna anayelikumbuka, mishono saba ninayo.
Nimelitia mchuzi wa papa: halivuji.

Mbuzi ya nazi haipo hapa kwa pambo.
Asubuhi huondoka kwenda jikoni, jioni hurudi
na chicha kwenye meno.
Kikalio chake wamekisugua wanawake wanne,
kimoja baada ya kingine, kwa makalio yao,
mpaka kinang'aa kuliko kioo cha shemeji.

Na jamvi. Lina baka la karafuu
la msimu ule uliowaozesha shangazi zangu wawili.
Mvua ikinyesha, baka hunukia upya
na paka hukataa kulala juu yake.

Kaka yangu Nassor aliniletea makochi ya Dubai.
Hataki yavuliwe nailoni. Ukikaa, yanalia.
Nimeyapeleka chumba cha wageni
wa kuja na kuondoka.

Basi akaja Machano, mnunuzi kutoka Unguja,
viatu vyeupe, akizunguka sebule
kama paka aliyesikia harufu ya dagaa.
Akataka kawa. Nikakataa.
Akataka kombe. "Lakini mishono inashusha bei,"
akasema, na kidole chake
kinaihesabu, mmoja mmoja, hakitaki kuondoka.

Ndipo alipoliona kasha.
Kasha langu la njumu, la pesa zangu za karafuu,
ambalo kila mgeni nimemwambia
lilikuja na bibi harusi, mama wa bibi yangu,
likabebwa na watu wanne kutoka bandarini.
(Mara ya tatu kuisema, niliwaona hao watu wanne.
Mmoja alikuwa anachechemea.)

Machano akapiga magoti, akafungua kifuniko,
akanusa, akacheka hadi miwani ikamdondoka.
"Dada, hili lilipakwa kahawa
likazikwa mchangani miezi mitatu
lipate uzee."
Umejuaje?
"Nililizika mimi."

Nikasikia masikio yanawaka.
Yeye akageuza bawaba ya kushoto, akanionyesha
pale ilipopinda kidogo.
"Hapa nyundo iliteleza."
Akanyoosha kidole gumba: ukucha una mfereji
uliokua hivyo tangu siku ile.
Akaupitisha ukucha juu ya bawaba,
kimya, kama mtu anayemsalimia mtoto
aliyemlea akampoteza.
"Nilirudishie," akasema. "Bei uliyonunulia."

Sikumpa. Nilimpa chai,
akanywea kikombe kisicho mkono.

Alipoondoka nikaita vijana wa jirani,
tukaliburura kasha hadi pembe ya kaskazini,
pale ambapo paa linavuja
na Fundi Asaa bado ananingojea nimwambie lini.

Vuli imeanza juzi.
Tone la kwanza limeangukia kifuniko.
Sijalipangusa.
Wageni wakiniuliza, nasema:
limeingia kazini wiki hii.